Pedeli imefika sakafuni, mkono wa pampu bado: kurekebisha kebo ya mafuta kwenye Canter ya zamani

Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilipanda mlima wa Saranda na mifuko 80 ya saruji mgongoni. Hiyo ni tani nne, mzigo ambao Canter yangu ya injini ya 4D33 ilishaubeba mara nyingi bila kununa. Siku hiyo niliingia mlimani na gia ya tatu, nikarudi ya pili, ikaomba ya kwanza. Mguu uko sakafuni, kisigino kinauma, na injini inaimba sauti ile ile ya mtu anayetembea kwenda dukani. Tenki la kwenda Rwanda likatupita, utingo wake akatoa mkono dirishani akatupungia. Utingo wangu, ambaye ni mtoto wa dada yangu, akajifanya anaangalia mibuyu.

"Mjomba, hii gari imechoka," akasema.

"Gari halichoki, mjomba. Kuna kitu."

Kilichofuata sipendi kukikumbuka. Niliipeleka kwenye gereji moja, wakasikiliza injini dakika mbili na kuniambia pampu ya dizeli imekufa. Wakaishusha, ikaenda kupimwa, nozeli zinazoipulizia injini dizeli zikabadilishwa zote nne. Nililipa hela ambayo ningenunulia alizeti za kujaza nusu ya bodi. Nikarudi Saranda na mzigo ule ule. Gia ya pili, halafu ya kwanza.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi pampu kule Nkuhungu, ambaye hakunitoza hata shilingi. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, mkono wa pampu nao unafika mwisho?" Nikabaki kimya. Nimeendesha magari tangu enzi za kubeba chumvi kwa magunia, na sikuwahi kuangalia.

Ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza baada ya swali hilo. Mimi si fundi wa kusomea. Ni dereva mwenye gari lake, na nimeshawafanyia hivi wenzangu wanne au watano wa Canter na Fuso za 6D14 na 6D16. Kama gari lako ni la dizeli ya zamani, lenye pampu ya kuvutwa kwa kebo au kwa vyuma na lisilo na kompyuta, mengi yatakufaa. Magari mapya ambayo pedeli yake ni waya wa umeme tu, haya si yake.

Kwanza uelewe unachokikanyaga. Kwenye dizeli hizi pedeli haifungui mlango wa hewa kama kwenye petroli. Inavuta kebo, kebo inazungusha mkono mdogo ulio kwenye gavana, nyuma ya pampu, na gavana ndiyo inayoamua dizeli kiasi gani iende kwenye nozeli. Mkono ule una vikomo viwili, kila kimoja ni bolti yenye nati ya kuifunga. Bolti moja ni ya sailensi, yaani injini ikinguruma taratibu, ambapo mkono hulala ukiwa hujakanyaga. Nyingine ni ya mwisho, mkono unapoigusa injini imeruhusiwa kasi yake yote. Mguu wako ukifika sakafuni huku mkono umeishia robo tatu ya njia, basi wewe unaendesha robo tatu ya gari. Injini haina kosa. Haijaombwa tu.

Dalili zake ukishazijua hazikupotezi. Nguvu hazipotei ghafla, ila kuna dari: injini inapanda vizuri, inafika mahali, inasimama hapo hapo kila siku. Moshi unakuwa mdogo. Hili la moshi lizingatie, maana chujio la hewa likiziba, na kwa vumbi letu la kati ya Juni na Novemba linaziba upesi, gari hutoa moshi mweusi. Chujio la dizeli likiziba, injini inavuta na kuachia, inavuta na kuachia, kama mtoto anayenyonya. Lakini pedeli isiyofikisha mkono mwisho hutoa gari safi, tulivu, lisilo na moshi, lisilopanda mlima. Kama kasi imepungua hata gari likiwa tupu na limesimama, yaani ukikanyaga kabisa injini hailii kama zamani, anza na kebo.

Sasa kipimo. Ugumu wa Canter ni kwamba ukishainua kebini ndipo unaiona pampu vizuri, lakini ukishaiinua, kebo nayo imebadili mkunjo wake. Nimeona gari ambalo kebini ikiwa juu mkono unagonga bolti ya mwisho vizuri kabisa, kebini ikishushwa unabaki pengo la kidole. Fundi anakagua kebini ikiwa juu, anasema kila kitu kiko sawa, wewe unaendesha kebini ikiwa chini. Ndiyo maana wengi hawaoni tatizo.

Dawa yake niliipata kwa bahati. Siku hiyo mjomba, yule utingo wangu, alikuwa anakula ugali wa uwele pembeni ya gari. Nikamwomba tonge. Nikalikanda mpaka likashikana, nikalibandika kwenye uso wa bolti ya mwisho, pale ambapo mkono wa pampu hugusa. Tukashusha kebini, tukaifunga. Injini imezimwa. Nikakaa kwenye kiti, nikakanyaga mafuta taratibu mpaka sakafuni mara moja, nikaachia. Tukainua kebini tena. Tonge lilikuwa na alama ya mkono, lakini limebaki nene kama kidole gumba changu. Hilo ndilo pengo lililokuwa linanilaza Saranda, na nilikuwa nimelipia pampu nzima.

Kama mkono unafika, tonge linabanwa mpaka linabaki jembamba kama karatasi, au linakatika kabisa. Ugali uwe mkavu, na usiwe umeshachovywa kwenye mlenda, hautashika. Ukimaliza, futa yote kwa kitambaa. Unaweza kutumia udongo wa kichuguu uliolainishwa kwa maji, lakini mchanga wake sipendi uwe karibu na pampu.

Kabla hujainua chochote, mambo ya usalama ni haya, na sitayarudia. Gari liwe sehemu tambarare, gia huru, breki ya mkono imevutwa, mawe mbele na nyuma ya tairi. Toa kila kitu kilicho ndani ya kebini: jeki, chupa za maji, spana zilizotupwa nyuma ya kiti, vyote vitakuja kwenye kioo. Kebini ikishapanda hakikisha fimbo yake imekaa na ndoano yake imeingia. Usimwache kijana aweke kichwa chini ya kebini inayoshikiliwa kwa mkono wa mwenzake. Najua gereji wanafanya.

Ukishajua kuna pengo, gawa kazi sehemu mbili. Chomoa kebo kwenye mkono wa pampu. Ichomoe kwa kumbukumbu: piga picha kwa simu, maana mikono mingine ina tundu mbili au tatu na utasahau ilikuwa kwenye lipi. Sasa sukuma mkono wa pampu kwa kidole chako. Uwe unapingana na springi tu, mpaka ugonge bolti ya mwisho kwa sauti ndogo ya chuma. Ukifika mwisho na kurudi wenyewe kwenye sailensi, pampu haina hatia, tatizo liko kati ya mguu wako na mkono huo. Ukikwama njiani, au ukawa mzito kama kuna mchanga ndani, hapo ndipo fundi pampu anapohusika, wewe usiendelee. Kisha nenda ndani ukanyage pedeli ikiwa imeachana na pampu. Ikiwa nyepesi na kufika chini kabisa, angalia kebo imetoka urefu gani. Ikikwama nusu, tatizo lako liko ndani ya kebini na huenda ukalimaliza bila spana.

Anza na pale miguuni. Nasema hivi kwa uchungu. Canter yangu niliinunua mkononi mwa mtu, imeshapita kwa matajiri wawili. Sakafuni kulikuwa na kapeti ya kiwandani, juu yake raba nene ya kukata, na juu ya raba kapeti nyingine nyekundu ya urembo. Nilipovua zote, nikakuta chini ya pedeli kuna nati ya bolti kubwa imechomelewa kwenye bati, kimo cha kama sentimita moja na nusu. Haikuwa bahati mbaya. Tajiri wa kwanza aliiweka ili dereva wake asikimbize gari. Matajiri wengi walikuwa wanafanya hivyo kabla ya vifaa vya kufuatilia mwendo kwa simu, na wengine bado wanafanya. Dereva anaendesha bila kujua, gari linauzwa, na nati inaenda na gari. Niliitoa kwa patasi na nyundo, nikaliparua bati, nikapaka rangi ili lisishike kutu.

Sentimita moja na nusu pale chini ya mguu si kidogo. Pedeli kwa kawaida ina mkono mrefu wa chini na mfupi wa juu unaovuta kebo, kwa hiyo mwendo wa mguu unapungua ukifika kwenye kebo, lakini kule kwenye pampu mkono nao ni mfupi. Kidogo kinachopotea huku kinaonekana kikubwa kule.

Ukiwa hapo hapo, angalia bolti ya kikomo cha pedeli. Magari mengi yana bolti iliyosimama kwenye bati chini ya pedeli, ina raba kichwani au haina, kazi yake kuzuia mguu wako usiivute kebo kupita kiasi. Bolti hiyo inaweza kuwa imepandishwa juu mno. Angalia pia kama mkono wa pedeli umepinda, kama pini yake imekauka, kama bushi imeisha na pedeli inayumba kushoto na kulia. Kama gari lina ekzosi breki, ile inayoziba bomba la moshi ili injini ipunguze mwendo, jirani na pedeli kuna swichi ndogo inayoizima ekzosi breki ukikanyaga mafuta. Bati lake likipinda linazuia pedeli. Na hiyo swichi ikifa, vali ya ekzosi inaweza kubaki imefungwa wakati unapanda, ukadhani ni pampu tena.

Nikishatoa ile nati nilirudia kipimo cha ugali. Pengo lilipungua likawa kama penseli. Halikuisha. Sehemu ya pili ilikuwa kebo.

Kebo watu hudhani ni waya. Ni vitu viwili: waya wa ndani na ganda la nje, na ganda lina kazi sawa na waya. Ganda lisiposhikwa imara ncha zote mbili, unapovuta waya, ganda ndilo linalosogea badala ya mkono wa pampu. Mwambie mwenzako akanyage pedeli taratibu wewe ukiwa chini, kisha usiutazame waya. Litazame ganda. Kwangu lilikuwa linajikunja katikati kama nyoka aliyekanyagwa mkia kila mjomba alipokanyaga. Kibati kinacholishika pale karibu na pampu kilikuwa kimelegea nati moja, na katikati klipu ya kulifunga kwenye chesesi haikuwepo, mtu ameifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mpira ukivutika, kebo inavutika, na mguu wako unakuwa umefanya kazi ya kunyoosha mpira.

Pita na kidole kwenye ganda lote, mwanzo hadi mwisho. Unatafuta mahali palipobonyea, palipoyeyuka, palipokunjwa kona kali. Kebo ya mafuta inataka mikunjo mipana. Ikipita jirani na bomba la ekzosi bila kushikwa, plastiki yake inalainika, na ikipoa inaushika waya kama gundi. Asubuhi pedeli nzito, mchana nyepesi, ujue ni hilo. Pale inapopenya bati la kebini kuna raba ya kuzuia msuguano, raba ikitoka, bati linakata ganda kidogo kidogo.

Kisha chomoa ncha zote mbili, shika ganda kwa mkono mmoja na uvute waya kwa mwingine huku na huku. Uteleze bila kukwaruza. Ukisikia mikwaruzo, au ukaona nyuzi zimechomoza hata mbili tu, kebo hiyo imekwisha. Usiipake grisi ukatumaini. Hapa kwetu grisi nzito ikichanganyika na vumbi inakuwa msasa, ndiyo inayokula kebo. Kebo zenye plastiki ndani ya ganda hazitaki kilainishi kabisa. Zile za zamani za chuma kitupu unaweza kuzidondoshea oili nyepesi, matone machache, ukining'iniza kebo usiku kucha ili ishuke yenyewe.

Ukienda duka la spea, nenda na kebo ya zamani mkononi. Usiseme tu "kebo ya Canter". Canter zina miaka mingi na kebini za aina nyingi. Pima vitu viwili: urefu wa ganda, na urefu wa waya unaobaki nje ya ganda ukiwa umevutwa wote upande mmoja. Muuzaji atalinganisha ganda, yatatoshana, atasema ni yenyewe. Ganda likitoshana na waya ukazidi urefu, utarudi kwenye tatizo lile lile la mkono kutofika mwisho. Waya ukiwa mfupi, sailensi itakuwa juu na injini haitatulia. Angalia na vichwa vya kebo, kama vinaingia kwenye tundu la pedeli na pini ya mkono bila kupigwa nyundo.

Waya wa breki ya baiskeli, hapana. Kebo ya pikipiki, hapana. Rafiki yangu mmoja alifunga waya wa baiskeli akitokea Mtera, ukamfikisha karibu na mjini, akaamini umetosha. Siku ya tatu ulikatika akiwa anapita lori jingine, yuko upande usio wake. Alirudi nyuma ya lile lori akiwa hana hata nusu ya mwendo, na lililokuwa linakuja mbele likashuka kwenye vumbi. Hakuna aliyeumia. Aliniambia mwenyewe, akiwa anacheka, lakini mikono yake haikuwa inacheka. Kebo ikikukatikia safarini, na gari lako likiwa na kile kitasa cha dashibodi cha kupandisha sailensi, kivute kidogo, injini ikae juu ya sailensi kiasi, utembee gia ndogo pembezoni mwa barabara mpaka penye usalama. Hiyo ni ya kujiokoa tu. Na kitasa hicho hicho kikaguliwe: kebo yake inavuta mkono ule ule wa pampu, ikijipinda inaweza kuuzuia.

Tukirudi kwenye mkono wa pampu. Kama una tundu zaidi ya moja, tundu la karibu na mhimili linazungusha mkono zaidi kwa mvuto mdogo wa kebo, ila pedeli inakuwa nzito. Tundu la mbali linafanya pedeli iwe nyepesi na mzunguko uwe mdogo. Nimeona Fuso ya mwenzangu iliyohamishwa tundu na dereva aliyelalamika mguu unamuuma. Mguu ukapona, gari likalala. Mkono wenyewe umefungwa kwenye shafti yenye meno kwa bolti ya kubana. Bolti ikilegea mkono unateleza jino moja, na hapo hata kebo mpya haitasaidia. Usiuchomoe bila kuweka alama ya rangi kwenye mkono na kwenye shafti.

Na ile bolti ya mwisho. Kwenye pampu ambayo haijachezewa utakuta imefungwa kwa waya mwembamba wenye kidonge cha madini ya risasi. Huo ni muhuri wa aliyepima pampu, na kipimo chake kilifanywa kwenye mashine, si kwa sikio. Kila atakayeangalia gari lako lisilo na nguvu atatamani kuukata ule waya na kurudisha bolti nyuma mizunguko miwili. Mkatalie. Bolti hiyo inazuia injini isizunguke kupita uwezo wake. Ukiirudisha, kwanza haitakusaidia, maana mkono wako haujaifikia hata pale ilipo, pili siku utakapotengeneza kebo injini itakimbia mpaka vali zigonge pistoni. Ukikuta muhuri umeshakatwa, mpelekee fundi mwenye mashine.

Sasa kurekebisha. Hii ndiyo sehemu fupi, ukishafanya ya juu. Legeza nati mbili zinazoshika ganda kwenye kibati cha pampu, utahitaji spana mbili za namba inayofanana, moja kushikilia na moja kuzungusha. Shusha bolti ya kikomo ya pedeli ili isikusumbue. Unganisha kebo huku mkono umelala kwenye bolti ya sailensi. Zungusha nati mpaka ulegevu uishe, kisha rudisha kidogo: mimi huacha waya ulegee milimita mbili au tatu. Ukiukaza kabisa, kebini ikicheza kwenye mashimo itakuwa inakanyaga mafuta kwa niaba yako.

Mwambie mwenzako akanyage pedeli mpaka mwisho, polepole. Wewe tazama mkono ukiisogelea bolti ya mwisho. Uiguse. Usiigandamize. Mikono mingine ina springi ya pili katikati yake inayomeza mvuto unaozidi, mingine haina, na isiyo nayo ukiigandamiza kila siku ndiyo kebo zinavyorefuka. Pale unapogusa tu, mwambie ashikilie mguu, kisha pandisha bolti ya kikomo ya pedeli mpaka iguse chini ya pedeli, na uifunge. Kwa hiyo mguu wako utagonga bolti ya pedeli wakati ule ule mkono unagonga bolti ya pampu. Kaza nati za ganda. Shusha kebini. Rudia tonge la ugali. Kwangu ilibidi kuinua na kushusha mara tatu mpaka tonge likatoke jembamba, na mjomba akaanza kuuliza kama atabakiwa na chakula.

Kabla ya kuwasha, jambo moja ambalo ni kubwa kuliko nguvu zote za Saranda: kurudi. Mkono usiofika mwisho unakuchelewesha. Mkono usiorudi unakuua. Kanyaga na uachie mara ishirini injini ikiwa imezimwa, mkono urudi kwenye sailensi kila mara kwa kujipiga, si kwa kutambaa. Springi ya kurudisha iwe imekaa pande zote mbili, isiwe ya kuazima kutoka kwenye kiti. Usikaze springi mbili pale ambapo kiwanda kiliweka moja. Halafu hakikisha kizimio cha injini kinafanya kazi, kama ni cha kuvuta kwa mkono au cha funguo, na mkono wake wa kuzimia unarudi wote kwenye nafasi ya kuwaka. Ukibaki nusu, nao unanyima injini dizeli na utadhani hujafanya kitu.

Ikitokea barabarani mafuta yameng'ang'ania, kanyaga klachi na breki kwa pamoja, toka pembeni, ndipo uzime. Injini italia kwa nguvu, lakini gavana itaizuia isipite kikomo, kama ule muhuri hujaukata. Funguo usiuchomoe gari likiwa linatembea, usukani utajifunga.

Ukishawasha, iache ipate moto, kisha kanyaga taratibu mpaka mwisho kwa sekunde chache gari likiwa limesimama. Utaisikia sauti ambayo hujaisikia muda mrefu. Mjomba wangu alirudi nyuma hatua mbili. Kama dari bado iko pale pale na ugali unasema mkono umefika, basi angalia chujio la dizeli, tundu la hewa la tenki, chujio la hewa, na ndipo pampu. Kwa mpangilio huo.

Nikishamaliza huwa nachora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati mpaka kwenye kibati, na mwingine kwenye bolti ya pedeli. Ninaazima ya mke wangu, nyekundu, haifutiki kwa dizeli upesi. Mstari ukiachana najua nati imezunguka bila kutafuta spana. Kebo mpya hukaa sawa baada ya siku chache za kazi, hivyo baada ya safari ya kwanza ya Kibaigwa na kurudi na mahindi nilifungua tena, nikakuta ulegevu umeongezeka milimita moja hivi, nikaurudisha. Tangu hapo naangalia kila ninapobadilisha oili. Saranda sasa naipanda na gia ya tatu mpaka karibu na juu, pale penye kona, ndipo naingia ya pili.